Pembe ya Fundi Redio

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nachambua mchele kwenye ungo na simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Kwenye kundi la mtaa wetu, ambalo kwa kawaida hujadili maji yatakatika saa ngapi na mbuzi wa nani ameonekana kwenye mchicha wa nani, mtu aliandika kwamba yule mzee fundi redio wa nyuma ya soko ametutoka, presha, na mazishi ni Alhamisi nyumbani kwao Kasoli. Chini yake zikafuata zile alama za mikono iliyokutanishwa, moja baada ya nyingine, mpaka skrini ikajaa. Mimi sikuweka kitu. Niliendelea kuchambua mpaka nikagundua kwamba natupa mchele na kuacha mawe. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua: si mwepesi wa kulia, na ulimi wangu una sifa zake. Siku hiyo nililia, na sababu ya kilio hicho ndiyo imenifanya niweke pembeni yote niliyokuwa nimepanga kuandika juma hili.

Kwa asiyemjua, marehemu alikuwa fundi umeme wa magari, ila redio ndizo zilizompa jina. Magari mengi tunayoendesha huku yametoka Japani yakiwa yameshatumika, na redio zake ni za kulekule. Masafa yake yanaishia tisini, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo unaweza kuzungusha kitufe kutoka Bariadi mpaka Maswa usipate hata taarifa ya habari. Kinachosikika vizuri ni yule dada wa Kijapani anayekukaribisha kila ukiwasha gari, kwa adabu kubwa, na miaka yote hii hakuna anayejua anasema nini. Mwisho watu huchoka, wakataka redio mpya, ya kuchomeka flashi na kuunganisha simu. Mafundi wengi wakipewa kazi hiyo hukata soketi iliyokuja na gari, wakamenya nyaya kwa meno, wakazisokota na za redio mpya, wakazungushia tepu nyeusi, na baada ya dakika ishirini unaondoka unatikisa kichwa kwa muziki. Mzee huyu hakukata. Alikuwa na boksi lililojaa soketi alizozitoa kwenye redio zilizokufa, na humo alitafuta moja inayokubaliana na soketi ya gari lako, akailehemu kwenye nyaya za redio mpya, ili viwili hivyo vichomekane vyenyewe na nyaya za gari zibaki kama zilivyotoka kiwandani. Isipopatikana ndani ya boksi, aliagiza Mwanza, na wewe ulingoja.

Hata kabla ya hapo alikuwa na mlolongo wake. Kwanza alifungua betri upande wa hasi. Kisha alichukua daftari la shule, la mistari, akachora soketi yote na kuandika kila waya ni wa rangi gani na unafanya nini, akiupima mmoja mmoja kwa kitaa kidogo, kwa sababu rangi za kiwandani hazilingani na rangi za redio mpya na waya mwekundu wa hapa waweza kuwa na kazi tofauti kabisa na mwekundu wa pale. Fremu inayozunguka redio hakuitoa kwa bisibisi. Dashibodi ya gari la zamani imeshapigwa jua miaka mingi, plastiki yake imekuwa kavu kama gamba la yai, na bisibisi huiachia kovu. Yeye alitumia kipande cha pembe ya ng'ombe, urefu wa kiganja, alichokisugua kwa msasa mpaka kikawa bapa na laini. Alikipitisha taratibu kwenye ukingo, kikasikika kidude kikiachia, kimoja, kingine, na fremu ikamdondokea mkononi bila mkwaruzo. Redio ya zamani aliifunga kwenye gazeti pamoja na skrubu zake, akamkabidhi mwenye gari. Ukimuuliza ya nini, alijibu, "Siku ukiuza gari, umpe mwenzio na kilicho chake."

Nilimpelekea gari langu miaka minne iliyopita. Ni gari dogo, la zamani, rafiki yangu tangu nilipostaafu ualimu. Nilimkuta amekaa mlangoni pa kibanda chake, miwani imeshuka puani, tukasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mwalimu. Mhola?"

"Mhola tu. Nataka redio hii iingie leo. Kesho naenda Nassa kumwona mama."

Aliichukua redio mpya, akaigeuza, akachungulia nyuma ya ile ya zamani kwa kutumia ile pembe yake, akapekua boksi. Nilisimama juu yake kama msimamizi wa mtihani. Mwisho akatikisa kichwa.

"Soketi ya hii sina, mwalimu. Niachie siku tatu."

"Siku tatu kuweka redio?"

"Kuiweka ni dakika chache. Siku tatu ni za kuipata soketi."

"Si ukate tu, wenzako wanakata."

"Nikikata, imekatwa," alisema kwa upole, kama anayemwambia mtu kwamba mvua inanyesha. "Kuna mtu atakuja kufungua hapa baada yangu. Sipendi anikute nimemwachia fujo."

Sikuwa na subira ya kumfikiria fundi wa kesho ambaye huenda hata hajazaliwa. Nilipeleka gari kwa fundi mwingine upande wa stendi, akakata, akasokota, akafunga tepu, na nikaenda Nassa nikisikiliza kwaya njia nzima. Juma lile nilikuwa sina cha kuandika. Basi nikaandika juu yake. Hapa kwenye ukurasa huu. Sikumtaja jina, kama ambavyo sina kawaida ya kutaja majina, lakini niliandika kwamba Bariadi tuna fundi ambaye ukimpelekea redio anatoa kwanza pembe, anaipitisha juu ya gari, anasikiliza, halafu anakwambia urudi baada ya siku tatu, na kwamba kilichobaki ni kukudai kuku mweupe tu. Niliicheka mwenyewe nilipoisoma. Watu wakanipigia simu wakicheka. Mji wetu ulikuwa na fundi mmoja tu mwenye pembe.

Msomaji wa Dar es Salaam huenda aliona utani na kugeuza ukurasa. Lakini mimi nimezaliwa huku. Najua pembe mkononi mwa mtu mzima husomwaje katika vijiji vyetu, na najua mzaha unaoanzia kwenye gazeti hufikaje kisimani. Nilijua, na niliandika hivyohivyo kwa sababu sentensi ilikuwa tamu. Hilo ndilo kosa langu, na silipunguzi.

Baada ya miezi kama mitano, nikitoka Nassa, sijafika mbali na Lamadi, moshi ulianza kutoka kwenye dashibodi. Mama yangu alikuwa kiti cha mbele, miaka themanini na kitu, nikimleta hospitali kupimwa macho. Nilisimamisha gari, nikamtoa mama kama mzigo wa pamba, na dereva mmoja wa lori akaruka na spana akafungua betri. Moto haukuwaka. Fundi wa stendi, nilivyokuja kujua, alikuwa ameunguza fyuzi wakati wa kusokota, na badala ya kuweka nyingine akaweka kipande cha waya. Tepu ikalegea kwa joto, waya wenye umeme muda wote ukagusa chuma, na kwa kuwa hapakuwa na fyuzi ya kukatika, vilivyoanza kuungua ni vile vilivyo nyuma ya redio. Mama aliniuliza kwa Kisukuma, akiwa ameketi kwenye kivuli cha lori, kama redio ni lazima.

Gari lilivutwa mpaka kibandani kwa mzee. Pembeni yake siku hizo alikuwepo binti yake mkubwa, mama wa watoto wawili, aliyesomea umeme wa magari na kurudi kufanya kazi na baba yake baada ya mama yake kufariki. Mzee alichungulia, akavuta ule msokoto wa nyaya zilizoungua, akautazama kama daktari anavyotazama kidonda kilichofungwa kwa matambara. Hakusema, "Nilikwambia." Alisema, "Mama hajambo?" Nikamwambia hajambo. "Basi hivi vingine ni vitu," akasema. Akachukua juma zima. Alitafuta soketi ya kiwandani kutoka kwenye gari bovu la aina ileile, akaunga waya mmoja mmoja, akaulehemu, akauvisha mpira wake, akalirudishia gari langu soketi niliyoruhusu ikatwe, na ndipo akachomeka redio mpya kwa namna aliyotaka tangu mwanzo.

Nilikuwa nakwenda kila siku kuangalia, na ilinichukua siku tatu kuona kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu. Ulikuwa msimu wa pamba. Msimu wa pamba ndio wakati wa redio huku kwetu. Mwenye pikapu anataka spika, mwenye basi dogo anataka spika kubwa kuliko za mwenzake. Kwenye kibanda lilikuwepo gari moja tu, langu.

"Fundi, watu wako wapi?"

Aliendelea kulehemu. Binti yake akainuka, akaenda kuchota maji ambayo hayakuwa yamekwisha.

"Si wewe uliyeandika, mwalimu?" mzee akasema. "Niliisoma. Ilinichekesha kweli, mpaka nilipofika pale kwenye kuku."

Akanieleza bila uchungu, akipuliza risasi ya kulehemu ipoe. Walianza kwa kumtania, halafu wengine wakaacha kutania. Wateja wa kanisani kwao walikuwa wa kwanza kupotea. Kisha wazee wenzake wa kanisa wakamwomba apumzike uzee wa kanisa kwa muda, maneno yatulie, na muda huo ulikuwa haujaisha. Wakati huohuo wakaja wateja wa aina nyingine. "Alikuja bwana mmoja kutoka mbali, ana lori. Anataka nilizindike lisiibiwe. Nikamwambia, mimi ninachoweza ni kukuwekea swichi ya siri. Akakubali, nikamwekea. Sasa anasema mimi ni kiboko." Akacheka mpaka miwani ikamtoka. Mimi sikuweza kucheka.

Nikamwambia nitaandika tena. Nitaandika kwamba nilikosea, pembe ni ya nini, yote. Akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Achana nayo, mwalimu. Ukiandika, watasema nimekulipa, au nimekuroga. Watachoka wenyewe."

Na mimi nikaachana nayo. Nimejiuliza mara nyingi tangu Jumanne kwa nini nilimtii mara moja, mimi ambaye sijawahi kumtii mhariri wala mume. Jibu silipendi. Kusahihisha kulikuwa kunanidai aibu mbele ya watu wote walionisifu kwa ule utani, na yeye akanifungulia mlango wa kutokea, nikapita. Nilijipoza kwa kumpelekea wateja. Nilimpigia debe sokoni, harusini, kwenye vikao vya wastaafu. Baadhi walirudi. Kanisani hawakumrudishia kiti chake.

Nimekuwa nikiona kwamba siku hizi tunasifia sana mtu anayemaliza haraka. Tunaita ujanja. Nyumba inapakwa rangi kabla plasta haijakauka, barabara inachimbwa bomba kabla lami haijapoa, na sisi wenye kalamu tunaandika kabla ya kuuliza. Mzee huyu alifanya kazi kwa ajili ya watu wawili kila mara: aliyesimama mbele yake anayeharakisha, na mwingine asiyemjua, atakayelifungua gari hilo baada ya miaka kumi akiwa na tochi mdomoni. Huyo wa pili hawezi kukushukuru. Hawezi hata kujua kwamba ulimfikiria. Atafungua tu, akute kila waya uko mahali pake, afanye kazi yake, aende. Sijui kazi nyingine yenye heshima kubwa kuliko hiyo, na naisema nikiwa nimefundisha watoto miaka thelathini.

Tulimzika Alhamisi. Nilirudi Kasoli siku ya kuanua matanga, maana nilikuwa nimesikia minong'ono kuhusu ile pembe. Pamba ilikuwa imerundikwa ukumbini mpaka dirishani, wazee wamekaa nje kwenye mabenchi, na vitu vya marehemu vimepangwa kwenye mkeka: nguo, Biblia, miwani, boksi la soketi, madaftari, na sanduku la vifaa. Kila kitu kilishikwa na kugawiwa isipokuwa sanduku. Binti yake alikuwa ameliomba yeye, pamoja na kibanda, aendeleze kazi. Baba yake mdogo, mfugaji, mtu wa maneno machache na asiye na ubaya, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo.

"Mwanangu, vifaa ni vyako," alimwambia. "Lakini ile pembe imo humo. Hatujui ina nini, wala inataka nini kwa atakayeirithi. Kwanza tumwite anayejua haya mambo aiangalie. Mpaka hapo kibanda kifungwe."

"Baba mdogo, ni ya kufungulia magari."

"Wewe unasema hivyo. Gazeti lilisema vingine."

Nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, sahani ya wali magotini. Niliiweka chini, nikasimama.

"Aliyeandika kwenye gazeti ni mimi," nilisema. "Niliandika uongo. Sikudanganywa na mtu, nilijua kabisa ile pembe ni ya nini, nikaongeza chumvi ili watu wacheke. Naomba mnisamehe, na naomba mje hapa kwenye gari langu."

Wakaja, wazee mbele, akina mama nyuma, watoto chini ya miguu ya kila mtu. Binti alilileta sanduku. Alitoa pembe, na watu wawili watatu wakarudi hatua. Akafungua betri kwanza, upande wa hasi. Akaipitisha pembe kwenye ukingo wa fremu, kidude kikaachia, kingine, fremu ikatoka. Akavuta redio nje na kumwonyesha baba yake mdogo ile soketi: huu upande ni wa gari, huu ni wa redio, hapa ndipo baba alipolehemu. Akavichomoa kwa vidole viwili, akavichomeka tena. Yule mzee akainama, akatazama zile nyaya zilizolazwa kwa mpangilio, akanyoosha mkono na kuichukua pembe mwenyewe. Akaipitishia kidole, akainusa.

"Basi ni bisibisi tu hii," alisema.

"Ni bisibisi, baba mdogo."

"Ya ng'ombe wetu?"

"Wa kwenu hapa hapa. Yule mwekundu aliyevunjika mguu."

Watu walicheka, kicheko cha msibani ambacho kimechanganyika na kitu kingine, na yule mzee akamrudishia binti pembe kwa mikono miwili. Kibanda hakitafungwa. Ukipita nyuma ya soko juma hili utamkuta binti pale, na usimharakishe.

Ningependa kuishia hapo, na yule mwanamke aliyeandika kuhusu kuku mweupe angeishia hapo. Lakini wakati binti anarudishia fremu, watu wameshatawanyika kwenda kula, aliniambia kwa sauti ya chini, macho kwenye kazi yake:

"Wabeja, mwalimu. Umenisaidia. Ila baba alikuwa ananunua gazeti lenu kila wiki, miaka yote hii minne. Alikuwa anafungua ukurasa wako kwanza. Akishausoma, anaweka chini, anaendelea na kazi. Mimi nadhani alikuwa anaangalia."

Hakusema alikuwa anaangalia nini.

Aliniambia niachane nayo, nami nikafanya haraka kumwamini kwa sababu ilinifaa. Ewe msomaji, ukimkosea mtu naye akakwambia yameisha, shukuru, kisha nenda katengeneze vilevile. Huenda ni kweli anakuhurumia wewe, huku mwenyewe bado anangoja. Usikubali msamaha ukupe ruhusa ya kuacha kazi katikati. Mzee yule alikuwa fundi stadi na mwaminifu, hakuwa na uganga wowote, na maneno niliyoyaandika juu yake yalikuwa ya uongo. Gazeti hili litafika Bariadi na basi la mchana, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kulinunua, lina alichokuwa akikitafuta.